Mwaka Nilioomba Bunduki Iwe ya Bandia

Tulimzika Mama Sifa Jumamosi, kando ya mumewe aliyetangulia kwa ugonjwa wa kifua, kwenye makaburi ya kusini mwa Johannesburg ambako upepo wa Julai hauna adabu hata kwa wafiwa. Baada ya mazishi tulirudi kwenye ukumbi wa kanisa lao, uliokuwa zamani gereji ya kutengeneza magari, tukapewa wali, maharagwe na kipande cha kuku, na watu wakaanza kumsifu marehemu jinsi watu wanavyosifu wakishashiba. Mama mmoja wa kwaya alisimama akasema kwamba marehemu alikuwa na mkono wa kusafisha. Kitu chochote kilichobeba mabaya, ukimpa yeye, kilitoka kikiwa kimetulia. Waumini wakaitikia amina. Mimi niliyekuwa nimekaa nyuma na sahani mapajani, nikaiweka chini nikatoka nje. Nilisimama karibu na mapipa ya taka nikilia, na dereva mmoja wa teksi akaniuliza kama nimeibiwa simu. Nilimwambia ndiyo, nimeibiwa. Ilikuwa rahisi kuliko kumweleza. Sasa wote wawili wamelala, mke na mume, na naweza kuandika habari ya mwaka 2017 bila kumvunjia mtu siri yake.

Nilikotoka na nilivyofika mji huu si habari ya sura hii. Wanaotaka kulia juu ya safari zetu wana vitabu vya kutosha. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimepanga chumba mtaa wa La Rochelle kwenye nyumba ya familia moja ya Uvira, Kongo. Neno chumba nalitumia kwa heshima tu. Kilikuwa nusu ya sebule, iliyogawanywa kwa mbao nyembamba ambazo Baba Sifa alizipigilia mwenyewe, na upande wa pili walilala yeye, mkewe na binti yao Sifa wa miaka saba, aliyeelewa Kiswahili chote lakini akajibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu. Mbao zile zilizuia macho tu. Nilijua Baba Sifa amerudi kwa mlio wa kizibao chake cha kung'aa kikitundikwa msumarini, maana alikuwa akilinda magari kwenye maegesho ya maduka na kufanya vibarua mwisho wa juma. Nilijua wanakula sombe, yale majani ya muhogo, kwa harufu, na kabla sijamaliza kujiuliza kama nitaalikwa, Mama Sifa alikuwa ameshagonga mbao kwa mwiko. Alikuwa msusi, mwanamke mpana mwenye sauti ya chini, na kiongozi wa akina mama waombaji kanisani kwao. Mimi ni Mkatoliki, na alinisamehe jambo hilo karibu kila wiki.

Kulikuwa na desturi moja kwao ambayo mwanzoni niliicheka. Hakuna kitu kilichotumiwa na mtu mwingine kilichoingia nyumbani mwao bila kusafishwa, na kusafisha hakukuwa kwa sabuni peke yake. Pazia la kununua mtumba liliwekwa kwenye maji ya chumvi. Kitanda kiliombewa miguu yote minne. Na jina la mwenye kitu, herufi zake au alama yake yoyote, ilikuwa lazima itoke, kwa sababu kwao alama ndiyo mlango ambao mabaya ya mwenyewe hupitia kukifuata kitu chake. Nilipohamia, Mama Sifa alinipa shuka nzuri nzito iliyokuwa na vitundu vya sindano kwenye pembe, pale alipofumua herufi za mtu, uzi mmoja baada ya mwingine. Nililala vizuri kwenye shuka ile. Sikuwahi kumuuliza mwenye zile herufi alikuwa nani, na yeye asingenijibu.

Kazi yangu ilikuwa Rosettenville, mwendo mfupi kwa miguu, kwenye duka la mzee wa Kireno tuliyemwita Senhor. Duka liliuza mabaki ya vita vilivyokwisha: kofia za chuma, mikanda, bunduki kuukuu zilizozibwa mitutu ili zitundikwe ukutani, na singe, yale majisu marefu yanayofungwa kwenye mdomo wa bunduki. Bunduki chache zilizoweza bado kupiga zilikaa kwenye kabati la chuma pamoja na leseni zake, na sikuzigusa bila yeye kusimama kando yangu. Niliajiriwa kufagia na kupanguza vumbi. Lakini macho ya Senhor yalikuwa yakiingia ukungu, na mtu anayeishi kwa kutofautisha cha kweli na cha bandia hawezi kuendelea na macho ya namna hiyo. Akaanza kuniuliza: hapo kwenye mpini pana alama gani, hapo kwenye ncha pana rangi gani. Kufikia mwaka ule nilikuwa macho yake kabisa, na kufagia tukawa tunakumbuka siku ya wageni. Alikuwa na Kiswahili kidogo alichookota kaskazini mwa Msumbiji akiwa askari kijana wa Ureno, na kwa kuwa alikiokota na bunduki mkononi, kilikuwa chote cha amri. Lete. Simama. Fungua. Nilimfundisha kusema tafadhali na pole, na alipoyajua maneno hayo akayachanganya. Kila alipotaka chumvi mezani aliniambia pole.

Nilifundishwa kwa mikono kabla ya macho. Tukishamaliza dagaa wa kopo na mkate kwenye chumba cha nyuma, alinituma nikanawe kwa sabuni, akanifunga macho kwa kitambaa, akanipa singe mbili. Moja ni ya kweli, sema ipi. Mwanzoni nilichagua ile iliyoliwa zaidi na kutu, na kila mara nilikosea. Kutu, alisema, ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kununua. Waigaji huloweka chuma kipya kwenye asidi na kinatoka kinaonekana kimepigana vita viwili. Ila kutu ya kuloweka hula kila mahali sawasawa, hata kwenye kona ambako mkono haufiki, wakati kitu kilichobebwa na mtu huchakaa pale mtu alipokishika. Alichukua kidole changu gumba akakipeleka kwenye mbao ya mpini, na hapo palikuwa na kishimo laini cha kidole cha askari fulani, na changu kikaingia kikatosha. Niliurudisha mkono haraka. Aliniuliza naogopa nini. Nikasema siogopi, nimeshangaa tu kwamba alikuwa na mkono mdogo kama wangu.

Kisha zikaja alama. Namba za kitu cha kweli ziligongwa moja moja kwa nyundo, na mgongaji alikuwa binadamu: nane imeinama, saba imezama kuliko jirani yake. Za kuiga zimenyooka mno, au zimeyeyushwa pamoja na chuma chenyewe na kingo zake zimelainika kama kipande cha sabuni kilichotumika. Skrubu nazo zilisema mengi, na harufu, kwa sababu mbao iliyokunywa mafuta kwa miaka mingi haisahau, na mbao mpya iliyopakwa chai ili ionekane kuukuu inanuka kama chai. Na bunduki nyingi za kuiga, zile za mapambo, hutengenezwa kwa madini laini yasiyoshikwa na sumaku. Senhor alikuwa na sumaku ndogo iliyofungwa kwa uzi. Ikishika kwenye mtutu, alisema, endelea kuuliza. Ikianguka, washa birika.

Hiyo ya birika ilikuwa sheria ya duka. Senhor hakumwambia mtu yeyote kwamba kitu chake ni cha bandia kabla hawajanywa kahawa pamoja. Watu walikuja na vitu vya babu zao vimefungwa kwenye taulo, na walitueleza vita vizima, mto uliovukwa, afisa aliyempa babu kwa mkono wake, huku mimi nimeshaona skrubu ya mwaka jana. Nilikuwa nikienda nyuma kimya kimya kuwasha birika. Wateja wa siku nyingi waliijua sauti yake, na wengine walifunga taulo zao wakaaga kabla maji hayajachemka, ili wasisikie. Nilikuwa nikiwacheka moyoni. Nadhani ndivyo ujana ulivyo, unacheka watu wanaotaka sana kitu. Katika miaka yangu pale sikumwona hata mmoja aliyeingia mlangoni akitamani kitu chake kiwe cha bandia.

Wiki chache kabla ya Pasaka nilikuwa upande wangu wa mbao, nakunywa chai, nikawasikia wakizungumza. Baba Sifa alikuwa amepata kibarua kwa mama mmoja wa kizungu, mjane, aliyeuza nyumba na kwenda kuishi kwa binti yake ng'ambo. Alimwambia aondoe kila kilichomo kwenye gereji.

"Alisema nitoe bintu yote," alisema Baba Sifa. "Penye nitaipeleka, yeye hajali."

"Na ile kitu ya bwana yake?"

"Iko kanisani. Pasteur alifurahi sana. Itasaidia mu igizo."

"Baba Sifa, ile kitu iko na damu. Mi nilishika tu, mkono ikawa baridi."

"Ilikuwa inapamba ukuta, Mama Sifa. Vraiment, kweli kabisa, ni ya kupamba. Lakini kama unaona vile, muiombee."

"Tutaiombea. Na zile alama yake siwezi acha zikae mbele ya Mungu."

Niliwazia saa ya ukutani, au kinyago. Gereji ile ilikuwa imeshatuletea viti, masanduku na pazia za kijani zilizoloweshwa chumvi siku nzima kwenye beseni letu la kufulia, na mimi nilichokuwa nikiwaza ni lini nitapata beseni. Nimerudi kwenye maongezi yale mara nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kusikia. Wangetaja tu ni nini. Neno moja lingepenya mbao zile na mimi ningetoka na kikombe changu mkononi nikawaambia, msiiguse. Lakini walikuwa mtu na mke wake wanaongea yao, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kulitaja.

Jumamosi moja kabla ya Pasaka nilirudi kazini nikamkuta Mama Sifa amekaa kwenye ngazi ya mlango, mikono yake miwili imejaa rangi ya fedha mpaka kwenye viwiko. Sifa alikuwa amemlalia mgongoni. Nilidhani wamefiwa. Akanieleza kwa utaratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Igizo la mwaka ule lilikuwa la kaburi la Yesu, na askari wa Pilato walihitaji silaha. Wangeweza kutengeneza mikuki. Lakini vijana wale walizaliwa Kivu au walilelewa na watu wa Kivu, na kwao askari asiye na bunduki ni mtu aliyevaa nguo za kuazima tu. Kwa hiyo askari wa Pilato alibeba bunduki, ile ya gereji, iliyopakwa rangi ya fedha ing'ae kama silaha ya zamani. Walikuwa wanafanya mazoezi uani. Mtu fulani upande wa pili wa uzio aliona. Polisi walipofika na kuuliza hii ni ya nani, kwaya nzima ilinyamaza, na Baba Sifa akasema ni yeye aliyeileta, wakamchukua pamoja nayo.

"Nitawaeleza kama ilishakuwa safi," Mama Sifa aliniambia. "Tuliifungia siku tatu bila kula. Na zile namba zote nilizitoa mimi mwenyewe na tupa ya kunolea, mpaka chuma ikawa inang'aa. Haina tena neno."

Nikakaa kando yake. Dukani nilikuwa nimejua kwamba bunduki iliyofutwa namba ni kitu ambacho Senhor hakukubali kivuke kizingiti chake, hata kwa kuangaliwa, kwa sababu machoni pa sheria anayefuta namba ni mwizi au muuaji anayeficha ilikotoka. Sikumwambia. Alikuwa ananitazama na mikono yake ya fedha, akisubiri niseme kwamba atarudi kesho, na mimi nikashikilia tumaini moja tu lililobaki. Baba Sifa alisema ilikuwa ya kupamba ukuta. Vitu vya kupamba ukuta vingi ni vya bandia. Na kitu cha bandia hakina namba ya kuulizwa, ni mchezo wa kanisa na polisi watacheka. Nikamwuliza kama ilikuwa nzito. Akasema, "Nzito, dada, sawa mtoto mwenye amelala."

Dhamana alinyimwa, kwa sababu karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa karibu kuisha muda wake na hakuwa na nyumba yenye jina lake. Wakili aliyepewa na serikali alikuwa binti mdogo mwenye mafaili mengi na viatu vilivyochoka, na alikuwa mwema, jambo lililonivunja moyo zaidi, maana ningependa kumpata mtu wa kumlaumu. Alitueleza kwenye korido ya mahakama. Kama ni ya bandia, kesi imekwisha. Kama ni ya kweli, basi tungehitaji namba. Namba ingeonyesha kwamba bunduki ilikuwa ya marehemu mume wa yule mjane, na maneno ya Baba Sifa yangekuwa na kitu cha kuegemea. Mjane mwenyewe alishaondoka na wanunuzi wa nyumba hawakujua alikoenda. Bila namba, alisema, ni mgeni aliyekutwa na silaha iliyofichwa asili yake. Nilimuuliza kama mzee wangu anaweza kuja kuiangalia. Akafikiri kidogo, akasema haitadhuru.

Senhor alivaa tai. Nilimshika mkono kuvuka kwenye robot, zile taa za barabarani, na njia nzima hakutoa amri hata moja. Kituoni tulipelekwa kwenye chumba chenye meza, na mpelelezi, mwanamume mnene mwenye mafua, akailaza bunduki mbele yetu na kadi imefungwa kwenye kitako. Nakumbuka nilifurahi. Nasema kweli, kwa sekunde chache nilifurahi, kwa sababu ilikuwa na rangi ya fedha iliyochuruzika vibaya, na nyota ndogo ya karatasi ambayo labda Sifa aliibandika, na haikufanana na kitu chochote kilichowahi kumuua mtu. Niliomba. Mimi niliyewacheka wale wa taulo nilisimama pale nikiomba kwa Mama Maria nione skrubu ya mwaka jana, mshono wa kuyeyusha, mbao yenye harufu ya chai, uigaji wowote mbaya kuliko wote uliowahi kufanywa na fundi mlevi.

"Skrubu," alisema Senhor.

Nikakwaruza rangi kwa ukucha. Skrubu zilikuwa za mfereji mmoja, na mfereji wa moja ulikuwa umeliwa upande, pale mtu alipoukaza kwa haraka zamani sana. Nikamwambia.

"Sumaku."

Niliishusha kwa uzi polepole sana kuelekea mtutu, nikijua ninavyofanya, nikijaribu kuchelewa. Ilivutwa kutoka mkononi mwangu ikagonga chuma, na sauti yake ilikuwa kubwa mle chumbani. Senhor hakuuliza imeshika au haijashika. Akasema tuingize fimbo nyembamba aliyokuja nayo, kwa sababu bado palikuwa na njia nyingine ya kutokea: bunduki za ukutani nyingi zimezibwa ndani, na iliyozibwa haihesabiwi kuwa silaha. Niliingiza fimbo mdomoni mwa mtutu. Niliisukuma nikitafuta kitu cha kuizuia. Iliteleza tu, mpaka ikatokea upande wa pili.

"Imefika wapi?" aliuliza.

Hapo neno la uongo lilikuwa tayari mdomoni. Ningesema imekwama. Lakini mpelelezi alikuwa anatazama ncha ya fimbo kama mimi, na bunduki ingepelekwa kwa wataalamu wao wiki ile ile. Uongo wangu usingefika hata kwenye ngazi za kituo. Nikasema imepita yote. Senhor akainama, akaweka pua yake kwenye mbao ya kitako, mahali ambapo rangi haikufika, akakaa hivyo muda. Nilimwona mgongo unalegea. Kisha akapapasa upande wa chuma, pale namba zinapokuwa, na kidole chake kikaingia kwenye bonde lililochimbwa kwa tupa. Mama Sifa alikuwa amefanya kazi kwa moyo wake wote. Alikwenda ndani kabisa, akalainisha kingo, akahakikisha hakuna hata mkia wa tarakimu moja uliobaki wa kumfuata mtu.

"Pole," alisema Senhor, na safari hii alilitumia neno mahali pake.

"Eish," alisema mpelelezi, akipenga kamasi. "Na mimi ningependa iwe ya kuchezea, dada yangu. Nina mlundo wa kesi za watu wabaya kweli." Akaichukua ile bunduki akaiweka kabatini. Tulirudi kwa miguu mpaka dukani, na Senhor akaenda nyuma mwenyewe, akitafuta kwa vidole, akawasha birika. Nilimwambia kwamba Baba Sifa hana makosa, kwamba sijui hata la kufanya. Alinimiminia kahawa, nyingine akaimwaga mezani kwa kutoona, na tukainywa. Mtu akijua kazi anadhani imempa mkono wa kushika mambo. Mimi kazi yangu ilinipa tu kujua mapema kuliko wengine, na nilibaki na ujuzi huo La Rochelle, wiki baada ya wiki, upande wangu wa mbao, nikisikiliza mwanamke anayeomba kwa sauti ya chini kwamba ukweli udhihirike.

Kesi ilisikilizwa baridi ilipokwisha kuanza. Mkalimani alikuwa Mtanzania mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi, na ilikuwa ajabu kusikia balaa letu likisemwa vizuri namna ile. Nilikaa benchi la nyuma na Mama Sifa, Sifa katikati yetu. Mwendesha mashtaka alipofika kwenye habari ya namba, Sifa alianza kusumbua, akitaka kwenda chooni, na mamake akamtoa. Nilimwona Baba Sifa kizimbani anageuka kutazama benchi. Aliona nafasi yao iko wazi. Ndipo akamgeukia hakimu akasema, kabla hajaulizwa, kwamba namba zile alizifuta yeye.

Hakimu aliuliza kwa nini. Sababu Baba Sifa hakuwa nayo. Hakuwa mtu wa mambo hayo, yeye alikuwa wa kupigilia mbao na kubeba viti. Akasema, "Nilikuwa nasafisha." Mkalimani akalitafsiri, na ndani ya Kiingereza likasikika kama dharau. Wakili wetu akafunga macho. Nilijua ukweli na nilikuwa nimekaa hatua chache tu kutoka pale, na ukweli niliokuwa nao ungemtoa mume kizimbani nusu ya mwili na kumwingiza mke. Mtoto je, angebaki na nani? Nikakaa na mikono yangu mapajani. Hakimu alisema kwamba mtu anaweza kudanganyika kuhusu bunduki, lakini hakuna anayefuta namba kwa bahati mbaya, na kwa hiyo asingeweza kuamini habari ya gereji. Akampa miaka mitatu. Mama Sifa aliingia mwishoni akiwa amemshika mtoto mkono, akaniuliza wamesemaje, nikamwonyesha kwa vidole.

Jumapili ya kwanza iliyoruhusiwa nilikwenda mimi kumwona, maana Mama Sifa alikuwa na homa. Tulitenganishwa na kioo, tukaongea kwa simu iliyonuka mate ya watu. Alikuwa amenyolewa. Aliuliza habari za Sifa, za paa linalovuja, za Senhor, kisha akaweka mkono juu ya simu kana kwamba kuna mtu wa kumsikia.

"Dada Riziki, nakuomba kitu moja. Mama Sifa asijue ni ile namba. Alikuwa inje, hakusikia. Umwambie ni karatasi, sikuwa na karatasi ya bunduki, basi. Akijua ni mkono yake, ile itamuua."

Nikamwambia nitamwambia hivyo. Nilirudi nyumbani nikamkuta jikoni, homa imepungua, anachagua mchele kwenye sinia. Alinisogezea kiti, akaniuliza anakula, analala, amekonda. Nikajibu yote. Akaniuliza amenituma nini. Nikasema kwamba hakimu alimfunga kwa sababu ya karatasi, kwamba mtu akikutwa na bunduki bila karatasi hapa ni hivyo hivyo, hata angekuwa nani. Niliisema vizuri, nilikuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima. Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe kwenye mchele.

"Nilikuwa nyuma ya mlango, dada," alisema. "Sifa hakufika choo. Tulisimama pale, na yule Mtanzania anasema kwa nguvu. Nilisikia yote. Nilisikia na vile Baba Sifa alisema ni yeye."

Nilisogeza mkono wangu karibu na wake juu ya sinia na yeye akauacha hapo. Alikuwa analia bila kufuta machozi, kwa sababu mikono yake ilikuwa kwenye chakula. Baadaye alisimama akaupeleka mchele kwenye maji, akanipa mgongo.

"Ukirudi kule," alisema, "mwambie nimeamini."

Jumapili iliyofuata nilimwambia Baba Sifa, kupitia kile kioo, kwamba mkewe ameamini ni karatasi tu, na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka nikamwona anacheka.